Mchezo Ule Haukuwa Wangu

Wasomaji wangu wa kila Jumamosi, mnajua niliishia wapi. Mke wangu Nazik ameshakwenda Krasnodar, Urusi, na binti yetu Lusine. Kampuni ya Yerevan imeshanifukuza. Nimerudi mjini kwetu Gyumri, Armenia, kwenye nyumba ya marehemu mama, ghorofa ya nne, ngazi hazina taa, na sina cha kujivunia isipokuwa programu moja ya simu niliyoiita Kofia.

Kwa aliyechelewa: Kofia ni sataranji, ila askari peke yao ndio wanaosimama pale walipozoea. Kete nane za nyuma zinachanganywa, kama mtu kazitia kofiani na kuzichomoa moja moja. Kila mchezo unaanza na mpangilio wake. Halafu kila mchezaji anaruhusiwa kubadilishanisha nafasi za kete zake mbili, kwa siri. Mabadilishano ya wote wawili yanafunuliwa kwa pamoja, ndipo mchezo unaanza.

Watu elfu arobaini walikuwa wakiucheza. Mimi mwenyewe nilikuwa na siku tisa sijazungumza na mtu uso kwa uso.

Ndipo ikaja ile barua. Kampuni moja ya Marekani inasema mchezo wangu umeingia ndani ya hataza yake, ile hati ya serikali inayolinda uvumbuzi. Niuondoe, au tuonane mahakamani. Niliwaacha pale simu inalia, na upande wa pili yupo wakili wangu, Araksi.

"Bwana Vardges, umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi sikiliza. Kuchanganya kete si kosa. Watu wamezichanganya tangu enzi za babu wa babu zetu. Hakuna wa kudai hilo."

Nikashusha pumzi.

"Usishushe pumzi bado. Wanachodai ni yale mabadilishano. Kete mbili, kwa siri, zinafunuliwa pamoja. Walilisajili hilo mwaka 2009. Nimesoma nikadhani nasoma maelezo ya programu yako."

"Basi niyaondoe."

"Uyaondoe ubaki na nini?"

Alinishika pabaya. Programu za kuchanganya kete ziko mia. Watu walikuja kwangu kwa sababu ya ile dakika moja ya kukuna kichwa, unajiuliza mwenzako anahamisha nini, naye anajiuliza vivyo hivyo juu yako.

"Njia ipo moja," akasema Araksi. "Hataza hupewa kitu kipya. Ikiwa kabla ya 2009 mtu yeyote, popote duniani, alikwisha kukichapisha, hata kwenye gazeti la kufungia samaki, hataza hiyo haisimami. Hebu fikiri. Umewahi kuuona mchezo huu mahali kabla hujautunga?"

Nikageuka, nikatazama kabati la mama.

"Bwana Vardges? Upo?"

"Nitakupigia baadaye," nikasema, nikakata.

Nilikata kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Nilikata pia kwa sababu hata ninyi, ambao nimewaeleza habari za pombe, na jinsi nilivyomtukana mkurugenzi mbele ya wageni, na mlango alioubamiza Nazik, hili nimewaficha. Majuma matano nimewaandikia "mchezo wangu, mchezo wangu".

Haukuwa wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya tetemeko la ardhi la 1988, na nusu ya mji ilikuwa ikilala kwenye makontena. Mwalimu Gevorg alipata kontena lake, akaweka jiko la kuni na mbao tano za sataranji, akatuita vijana tusiokuwa na pa kwenda. Kete nyingi hazikuwapo. Kwenye ubao mmoja malkia alikuwa kizibo cha chupa.

Katika sisi wote, aliyecheza alikuwa Manushak Terzyan. Sisi wengine tulikuwa tunasogeza kete.

Nyumba yao ilikuwa ya watu saba. Walibaki yeye na shangazi yake. Siku moja Armen, ambaye baba yake alikuwa na kabati zima la vitabu vya sataranji, alimshinda kwa mianzo aliyokariri, akaanza kumcheka. Manushak akamgeukia.

"Wenye vitabu mnashinda kabla hamjaketi," akasema. "Vyangu viko chini ya ukuta. Mwalimu, nipe kofia yako."

Akatia kete za nyuma kofiani, akatikisa, akazichomoa moja moja. Armen akapigwa michezo minne mfululizo.

Lakini ikazuka kelele. Huyu kapata tembo wote wawili kona mbaya, yule farasi wake wamebanwa, kila mtu analalamikia bahati. Manushak akakaa wiki nzima anakwaruza karatasi. Jumatatu akaja na dawa yake. Kila mtu ahamishe mbili, kwa siri, aandike kwenye kikaratasi, tufunue pamoja.

Tangu siku ile hatukucheza kitu kingine.

Mwezi wa pili Manushak akalazwa, mapafu. Na siku moja akaja mtu wa gazeti la wilaya, kasikia kuna vijana wanacheza sataranji ya ajabu. Mwalimu Gevorg alikuwa ametoka kutafuta mafuta ya taa. Yule bwana akatoa kalamu, akauliza, "Mchezo huu kabuni nani?"

"Mimi," nikasema.

Hakunilazimisha mtu. Hakuna aliyenitisha. Wenzangu wawili walikuwapo, wakatazama jiko.

Jumamosi gazeti likatoka. Mchezo wote umeelezwa, kofia, mabadilishano, vikaratasi, na picha yangu nikiwa nimeshika kidevu kama profesa. Mama akalipokea kama hati ya kiwanja. Baba alikuwa amefukiwa na kiwanda, mama alikuwa hajacheka mwaka na zaidi, na siku ile alicheka. Alipita kontena hadi kontena. "Mwanangu huyu! Someni! Kabuni mchezo!"

Ningewezaje kusema? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mwalimu Gevorg alinitazama siku tatu bila neno, akingoja nijisahihishe. Sikujisahihisha.

Manushak aliporudi kutoka hospitali, amekonda, shuka la shangazi yake limemzunguka mabega, aliweka gazeti mezani, akaweka ubao juu yake.

"Kumbe mchezo ni wako," akasema. "Kaa."

Akanimaliza kwa hatua kumi na tisa. Akapanga tena. Akanimaliza tena. Mara ya tatu ngome ikaniponyoka ikaanguka chini. Hakuna aliyeiokota. Akavaa koti lake, akatoka, na tangu saa ile hakunisemesha. Mwaka uliofuata shangazi yake akampeleka Moscow, na kutoka huko sikujua tena alikokwenda.

Haya ndiyo yaliyonifanya nikate simu.

Nikafungua kabati la mama. Nilijua gazeti liko wapi. Rafu ya tatu, katikati ya mashuka ya harusi yake, limekunjwa mara mbili, limekuwa rangi ya chai. Tarehe kumi na saba Februari, 1990. Miaka kumi na tisa kabla ya hataza ya watu wa Marekani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa Araksi, Yerevan. Alilisoma amesimama. Akapiga meza mpaka kikombe kikaruka.

"Bwana wee! Mwenye mchezo ni wewe mwenyewe! Kwa nini hukusema?"

"Nilisahau."

"Mtu anasahau kitu kama hiki? Mimi ningelivaa shingoni." Akacheka. Kisha akainua simu, akapiga maktaba, akapiga makavazi ya nyaraka ya Gyumri. Aliporudi kwangu hakuwa anacheka. "Magazeti ya majira yale hawana. Walichoma kila kilichoshika moto ili wasife kwa baridi. Hii ni nakala pekee, Bwana Vardges. Usiipigie hata chafya."

Akaanza kuandika kiapo changu. *Mimi, Vardges Nalbandyan, nilibuni mchezo ulioelezwa katika gazeti hili...* Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko moyo wangu.

"Hilo la kubuni ni lazima?" nikauliza.

"Lazima kwa nini isiwe? Ndiyo nguvu yetu. Mbunifu mwenyewe yu hai, anasimama, anasema. Halafu kuna jambo nataka nikuulize." Akavuta karatasi kutoka kwenye faili. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa ile hataza, ambao mimi kwa hofu yangu niliuruka nikaenda kusoma madai. "Kampuni ndiyo mmiliki. Ila mvumbuzi aliyeajiriwa nao ana jina lenye harufu ya kwetu. Unamjua?"

Nikasoma.

Manushak Terzyan.

"Bwana Vardges, umekuwa mweupe. Nikuletee maji?"

"Tulikuwa... wa mji mmoja."

"Mji mmoja!" Araksi akalisogelea faili, macho yamekuwa madogo. "Aliwahi kuliona gazeti hili?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu alisaini kiapo. Kila mvumbuzi anasaini. Kwamba ameeleza yote anayoyajua, na hajui kama kitu hicho kimewahi kuchapishwa popote. Kama hakuliona gazeti, hana kosa. Hataza inaanguka, yeye anaendelea na maisha yake. Kama aliliona..."

"Kama aliliona?"

"Alidanganya chini ya kiapo. Kazi itakwenda, hiyo ni ya kwanza. Ya pili sitaki hata kuisema."

Mkono wangu ulikuwa juu ya lile gazeti. Pale pale alipoweka ubao wake.

"Hakuliona," nikasema. "Alikuwa mgonjwa. Wakamhamisha Moscow."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Oneni sasa nilipofika. Nikisema kweli, kwamba mchezo ni wa Manushak na ndiye aliyenishinda ubao ukiwa juu ya gazeti lile lile, ninamrudishia haki yake na papo hapo ninampeleka kwa waendesha mashtaka. Nikishika uongo wangu wa miaka thelathini na mitano, anasalimika. Uongo umegeuka kuwa hisani! Nilirudi Gyumri nimekaa dirishani, najiona mtu mwema kwa mara ya kwanza tangu Nazik aondoke.

Nilipata anwani yake mtandaoni. Nikamwandikia barua pepe. Niliandika mistari hamsini, nikafuta, nikabakiza mitatu. *Manushak, ni Vardges wa kontena la Mwalimu Gevorg. Nakala moja ya gazeti ipo. Nitasema hukuwahi kuliona.*

Hakujibu.

Siku ya tatu duka la programu likaiondoa Kofia mpaka mgogoro uishe. Walionayo kwenye simu waliendelea kwa siku chache, kisha nao wakaanza kuzimika. Nilikuwa na namba kwenye kona ya kompyuta, inaonyesha wangapi wanacheza saa hiyo. Mia sita. Mia mbili na kumi. Thelathini na nane. Sikuwajua kwa sura hata mmoja, lakini wengine niliwajua kwa tabia. Yupo mmoja aliyekuwa akimhamisha mfalme kila mara, hata pasipo haja. Nilimngoja siku mbili. Hakuja.

Jumapili mchana namba ikasoma moja. Nikashangaa nani huyu mwaminifu, nikamfuatilia. Nilikuwa mimi, kwenye simu iliyosahaulika jikoni.

Jirani yangu Bi Hripsime akagonga, kashika bakuli la tolma, nyama iliyofungwa kwa majani ya mzabibu.

"Vardges jan, kipenzi, kula. Unanuka kama mtu asiyetazamwa."

"Asante, Bi Hripsime."

"Usinishukuru, nilikosea nikapika nyingi. Yule mkeo hajapiga?"

"Amempa simu Lusine juzi. Dakika nne."

"Dakika nne ni nyingi. Mwanangu wa Rostov ananipa mbili, na moja yote ni ya kuuliza kama kuna mvua." Akatazama vikombe viwili vya kahawa mezani. "Una mgeni?"

"Hapana. Mazoea."

Aliketi, akanywa kile cha pili, akaenda zake.

Jioni ile ile Araksi akapiga.

"Wametingishika! Wanataka kuliona gazeti lenyewe kwa macho yao. Jumanne, Gyumri, kwa mthibitishaji wa hati, saa tano asubuhi. Wanamleta mwanasheria wao. Na wanamleta yule mama, awasomee Kiarmenia."

"Manushak anakuja?"

"Anakuja. Wewe fika saa nne, usaini kiapo chako kwanza kabla hawajaingia. Na nyoa ndevu."

Nilinyoa. Nikajikata mara mbili.

Saa nne na robo nilikuwa mbele ya Bwana Samvel, mthibitishaji, mzee wa miwani minene ambaye ofisi yake inanukia gundi na vitunguu. Akanisomea kiapo kizima. Mimi, Vardges Nalbandyan, nilibuni. Mimi, ninavyojua, Bi Manushak Terzyan hakuwahi kuliona gazeti hili.

"Ni kweli tupu?" akauliza, kama anavyouliza kila mtu.

"Ni kweli tupu."

Nikasaini. Akagonga mhuri.

Saa tano wakaingia. Kwanza mwanasheria wao, Bwana Whitcomb, mrefu, mpole, anapeana mikono na kila mtu mpaka na mhudumu wa chai. Nyuma yake mwanamke mwenye nywele za kijivu zilizokatwa fupi, koti jeusi, mkono mmoja mfukoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwona msichana mwenye shuka mabegani. Mpaka alipotazama meza, jinsi alivyoitazama yote kwa mara moja, ndipo nikamjua.

"Manushak," nikasema.

"Bwana Nalbandyan," akajibu, akaketi upande wa pili karibu na mtu wake.

Araksi akalitoa gazeti kwenye bahasha, akalilaza mezani kama mtoto mchanga. Bwana Whitcomb akavaa glovu, akaligeuza, akalinusa hasa. Kisha akazungumza kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha kompyuta kilitosha kumwelewa.

"Karatasi inaonekana ya zamani," akasema. "Lakini karatasi ya zamani hupatikana. Hatuna nakala ya pili ya kulinganisha. Bi Terzyan aliishi mji huu miaka ile. Nadhani tukimsikia yeye tutaokoa muda wa wote." Akamgeukia. "Bi Terzyan, umewahi kuliona gazeti hili?"

Nilielewa alichotaka. Alitaka Manushak aseme hapana, sijawahi kuona kitu kama hicho, hili limetengenezwa juzi. Na Manushak akisema hapana, kampuni inashika hataza yake na mimi ninakuwa mghushi. Lakini sikufikiria hilo. Nilifikiria kile kiapo cha Manushak tu.

Nikaruka. "Hawezi kulijua! Alikuwa hospitali. Halafu wakamhamisha. Mchezo niliubuni mimi, yeye aliubuni kivyake huko, miaka mingi baadaye. Inatokea! Watu wawili wanapata wazo moja. Nimeapa, kiapo kile pale!"

Araksi akanikanyaga mguu chini ya meza. Bwana Samvel akakigusa kile kiapo kwa kidole, kuonyesha kipo.

Manushak hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama picha ya kijana aliyeshika kidevu.

"Mama yako yu hai?" akaniuliza, kwa Kiarmenia.

"Amefariki. Miaka sita."

"Mungu amrehemu. Nilipotoka hospitali alinisomea hili mlangoni kwenu, lote, mimi nimesimama kwenye theluji. Hakujua. Alinipa na kipande cha mkate." Akainua macho kutoka kwenye picha. "Nilikula ule mkate, Vardges. Nilikuwa na njaa."

Sikuwa na pa kuweka uso wangu.

"Bi Terzyan?" akasema Bwana Whitcomb, bado mpole.

Akamgeukia, akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno peke yake. "Nimewahi kuliona. Ni gazeti la kweli. Nilikuwa nimelihifadhi lote kichwani siku niliposaini kiapo changu kwenu, na nilisaini."

Glovu ya Bwana Whitcomb ikasimama hewani.

"Labda hukunielewa," akasema.

"Nilikuelewa."

"Bi Terzyan, nakushauri usiseme neno jingine mpaka upate wakili wako mwenyewe. Mimi si wakili wako. Mimi ni wakili wa kampuni." Upole wote ulikuwa umekwisha. Akasimama, akatoka varandani, na kupitia kioo nikamwona tayari ameweka simu sikioni.

"Kwa nini?" nikamuuliza Manushak. "Nilikuwa nimeshakukinga! Ungesema neno moja tu, hapana, ukarudi zako nyumbani!"

"Ulikuwa umenikinga."

"Ndiyo!"

"Uliniibia ukiwa na miaka kumi na saba, nikasema ni mtoto, kafiwa na baba, ana mama wa kumfurahisha. Nilikwenda ng'ambo, nikauandikisha mchezo wangu kwa jina langu. Niliapa uongo, ndiyo, kwa sababu ya karatasi moja ya mji huu ningeambiwa mchezo wangu si wangu. Leo unaniibia tena mbele ya mhuri, na safari hii unangoja nikushukuru."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Araksi alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyefungua friji akakuta kitu kimeoza.

"Bwana Vardges," akasema. "Mama huyu anasema nini? Mchezo ni wa nani?"

Nikaondoa mikono mezani.

"Nilikuuliza ofisini kwangu. Nilikuuliza mara mbili. Nimeandika kiapo kwa mkono wangu huu." Akakichukua pale mezani, akakigeuza kikanielekea, mhuri wake ukionekana wazi. "Bwana Samvel yupo hapa, mimi nipo hapa. Kilichoandikwa humu ni kweli au si kweli?"

Nilikitazama. Ningeweza bado kusema ni kweli. Hakuna shahidi. Mwalimu Gevorg yuko kaburini, Armen yuko kaburini, wenzetu wengine wametawanyika duniani, yule bwana wa gazeti nani anajua aliko. Neno langu kwa neno la mwanamke ambaye dakika tano zilizopita amekiri kuapa uongo. Ningeshinda. Kofia ingerudi dukani, namba ile kwenye kona ingepanda tena, mia, elfu, elfu kumi, na jioni yake ningepika kahawa vikombe viwili.

"Si kweli," nikasema. "Mchezo ni wa Manushak. Ulikuwa wake tangu siku ya kwanza. Na gazeti aliliona. Alinishinda mara tatu juu yake."

Mhudumu wa chai alisimama mlangoni na sinia lake, akarudi nalo.

Bwana Samvel akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Alikuwa amegonga mihuri mjini hapa miaka arobaini. "Saa nne na robo uliniambia ni kweli tupu," akasema. "Mimi nimeandika saa. Mimi nina wajibu wangu, kijana. Siwezi kusema sikusikia." Akauvuta mkonga wa simu ya mezani, akaanza kubonyeza namba za polisi, pole pole, anazitafuta kwa kidole.

Araksi akafunga faili lake. "Mimi siwezi kuendelea kuwa wakili wako," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akajifunga skafu. Akatoka.

Nikabaki nimekaa kwenye kiti changu, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Ndipo nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Manushak alikuwa amekibeba kiti chake kuzunguka meza. Akakiweka upande wangu, akaketi, bega lake likiwa karibu na langu, sote wawili tukimtazama Bwana Samvel.

"Usidhani nimekusamehe," akasema, macho mbele. "Upande ule kuna upepo wa mlango."

"Manushak, watakufunga."

"Na wewe watakuacha?"

Kwenye mkonga wa simu, upande wa pili, mtu akaitikia. Bwana Samvel akakohoa kusafisha koo, akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani yake, akauliza, "Nianze na jina la nani?"

"Langu," tulijibu kwa pamoja.